Madonge ya matza yamekuwa mawe, nyama imekuwa ndala: nifanyeje Pasaka ya bibi isiharibike?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, niko New Jersey, namlea bibi wa Kiyahudi wa miaka 86. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika kisu. Mwaka huu ameniomba nimpikie chakula cha Pasaka yao, watoto na wajukuu wanakuja, jumla watu 10. Inaingia Jumatano jioni. Wiki iliyopita nilifanya majaribio. Yale madonge ya kwenye supu yalitoka magumu kama mawe ya kuangulia embe, na kidari cha ng'ombe kilikuwa ndala tupu, ingawa nilikipika saa moja na nusu nzima. Mchuzi nilitaka kuufanya mzito kwa konflawa, bibi akapiga kelele. Nikasema basi nipike wali pembeni, akapiga kelele tena. Siagi nayo hataki kuisikia. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kukaa chini, unywe chai. Chai hiyo usiinywee kwenye meza ya kupikia nyama, na kijiko chake usikitie kwenye sufuria ya supu. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilifanya kosa hilo. Nilikuwa na wiki mbili tu katika jiko la nyumba ya wazee wa Kiyahudi huku Toronto, nimetoka Mombasa najiona mpishi, nikakoroga supu ya kuku kwa kijiko nilichokuwa nakorogea chai yangu ya maziwa. Msimamizi wa kosheri, yaani sheria zao za chakula, aliniona. Lita 40 za supu zilimwagwa, sufuria ikaondolewa jikoni, na mimi nikaoshwa kwa macho ya watu wote. Nilikaa jiko lile miaka 14 baada ya hapo. Haya nitakayokueleza nimeyapata humo, mengi yake kutoka kwa vikongwe waliokuwa wakisukuma sahani pembeni na kuniambia, "Mama yangu hakupika hivi."

Kelele za bibi zina mpango. Ukiuelewa, hutahitaji kukariri orodha ya makatazo, na hata ile nyama itakuwa imeshapata nusu ya dawa yake.

La kwanza ni maziwa na nyama. Torati inasema mara tatu kwamba mwana-mbuzi asitokoswe katika maziwa ya mama yake, na Wayahudi wakaijenga juu ya maneno hayo sheria nzima ya jikoni: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na vyombo vyake ni mbalimbali. Kuku naye anahesabiwa nyama. Kwa hiyo mlo wenye supu ya kuku na kidari hauna siagi, hauna krimu, hauna jibini, hata kwenye viazi na kitindamlo. Mafuta yanayochukua nafasi ya siagi ni mafuta ya kuku, na hayo ndiyo roho ya mapishi haya. Yashike akilini, nitayarudia.

La pili ni la Pasaka peke yake. Kwa siku nane (Israeli ni siku saba) hakuna chachu, wala kitu chochote kilichotokana na nafaka tano zinazoweza kuumuka zikikutana na maji: ngano, shayiri, rai, oti na speliti. Wana wa Israeli walipotoka Misri unga wao haukupata nafasi ya kuumuka. Kinachobaki ni matza, mkate mkavu wa unga na maji tu, unaotakiwa uwe umeshaokwa kabla ya dakika 18 kupita tangu maji yaguse unga. Ukiisaga matza iliyokwisha kuokwa, unapata unga wa matza. Unga huo ni ngano, lakini umeshapita moto na hauwezi tena kuumuka, ndiyo maana bibi anakukataza chapati na papo hapo anakuagiza madonge. (Yapo madhehebu ya Kihasidi yasiyolowesha matza kabisa mpaka siku ya nane. Bibi yako angekuwa huko asingekuomba madonge.)

Na wali je, na konflawa? Mchele na mahindi havimo katika nafaka tano. Ila Wayahudi wenye asili ya Ulaya, Waashkenazi, tangu karne ya 13 walianza kujizuia pia mchele, mahindi, maharage, dengu na jamii yake, kwa hofu kwamba vilihifadhiwa pamoja na ngano na unga wake unafanana nayo. Wale wa asili ya Iraki, Yemen na nchi nyingi za Mashariki wanakula wali siku ya Pasaka bila wasiwasi. Mwishoni mwa 2015 kamati ya sheria ya tawi la Kiyahudi liitwalo Wahafidhina (Conservative) huko Marekani iliruhusu vitu hivyo hata kwa Waashkenazi, lakini mtu wa miaka 86 habadilishiwi jiko na kamati. Kwa bibi yako konflawa haipiti. Tumia wanga wa viazi kama unalazimika, au fanya ninavyofanya mimi kwenye kidari, utaona hapo chini. Ukitaka kujua mahindi yalivyo mazito kwao, mwezi wa Pasaka tazama dukani chupa za Coca-Cola zenye kifuniko cha njano: hizo zimetiwa sukari badala ya sharubati ya mahindi, na zimetengenezwa kwa ajili ya siku hizo.

Hapo hapo dukani, soma alama. Utaona duara lenye U ndani, ni alama ya Orthodox Union, shirika linalothibitisha kwamba chakula ni cha kosheri. Kwa Pasaka pembeni yake iwe na herufi P. Watu wengi wanadhani P hiyo maana yake chakula hakina nyama wala maziwa. Hapana, P ni ya Pasaka. D ndiyo ya maziwa, na chakula chenye D usikilete karibu na kidari.

Kabla hujagusa sufuria, kuna maswali manne umuulize bibi, na umuulize kwa heshima kama unavyomuuliza bibi yako mzaa mama. Moja, je, anataka awashe jiko yeye mwenyewe? Katika nyumba zinazoshika sheria sana, chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hakiliwi, lakini kwa Waashkenazi inatosha Myahudi awashe moto, nawe upike. Vidole vyake vinaweza kuzungusha kitufe cha jiko, na utaona uso wake utakavyobadilika. Pili, mvinyo nani atafungua? Kuna mvinyo ambao ukishikwa na kumiminwa na asiye Myahudi hawaunywi, isipokuwa uwe umepashwa moto kiwandani, na chupa yake huandikwa hivyo. Usijitolee kummiminia mtu kabla hujaambiwa. Tatu, je, wanawasha moto mpya sikukuu ikishaingia? Wenye kushika sana hawawashi. Hupika kwa moto uliokuwapo tangu kabla ya magharibi, hivyo oveni itabidi iachwe ikiwaka. Siku yao huanza jua linapotua, kama hesabu yetu ya kale ya pwani ambayo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ukiambiwa Pasaka ni Jumatano jioni, ujue hiyo ndiyo siku yenyewe imeanza, si mkesha wake.

Swali la nne nitakuambia tukifika kwenye madonge. Sasa tupike.

Anza na supu, na uianze Jumatatu. Sababu si supu tu: supu ya Jumatatu ndiyo itakayokupa mafuta ya madonge ya Jumanne. Tafuta kuku mkubwa, mzee kama unampata, yule wa kutaga, kwa sababu ladha anayo yeye, vifaranga vya wiki sita vina maji tu. Kwa watu 10 chukua kuku wa kilo 2 na ongeza mabawa au shingo nusu kilo. Maji baridi lita 4. Yakikaribia kuchemka povu litapanda. Simama hapo ulitoe lote, usiende kujibu simu. Kisha tia vitunguu viwili, kimoja na ganda lake la nje lililooshwa vizuri, maana ganda ndilo linaloipa supu rangi ya dhahabu. Tia karoti nne, mabua matatu ya seleri, pasinipi moja (inafanana na karoti nyeupe) na fungu la pasli. Punguza moto mpaka uone viputo viwili vitatu tu vinapanda pole pole. Saa tatu. Ikichemka kwa fujo inakuwa na mawingu, na bibi ataijua kwa jicho kabla ya kuionja.

Chumvi itie mwisho, tena kidogo. Nyama na kuku wa kosheri hulowekwa, hupakwa chumvi kwa muda wa saa moja hivi ili damu itoke, kisha husuuzwa. Kwa hiyo inakufikia ikiwa na chumvi yake tayari. Ukitia kipimo cha nyumbani utaipandisha presha ya bibi na mtasumbuana na daktari wake.

Chuja, acha ipoe, weka friji usiku kucha. Asubuhi utakuta tabaka la njano limeganda juu. Lichote lote, liweke kwenye kikombe. Hiyo ndiyo siagi yako. Liache kidogo tu kwenye supu, kwa sababu ile miduara ya dhahabu inayoelea ndiyo wazee wanayoitafuta kwenye bakuli.

Madonge, Jumanne asubuhi. Swali la nne ni hili: mama yake alipika yanayoelea au yanayozama? Usicheke. Familia za Kiyahudi hubishana juu ya jambo hili kama sisi tunavyobishana biriani ichanganywe au isichanganywe. Kuna watu ambao donge gumu, zito, linalokaa chini ya bakuli ndilo la utotoni mwao, na ukiwaletea laini kama sponji wanasikitika. Inawezekana kabisa mawe yako hayakuwa makosa! Lakini kama bibi aliyakunjia uso, basi anataka yanayoelea, na nitakueleza kwa nini yako yalikataa.

Unga wa matza ni mkavu mno na unanywa maji polepole. Ukiuchanganya na mayai unaonekana majimaji, unaogopa, unaongeza unga. Hapo ndipo jiwe linapozaliwa. Kipimo ni mayai manne, mafuta ya kuku yaliyoyeyushwa vijiko vinne vya chakula, supu vijiko vinne, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, na unga wa matza kikombe kimoja, basi. Kila yai livunje kwanza kwenye glasi ulitazame, ukiona tone la damu litupe lote, wao hawalitumii. Piga mayai na mafuta, tia supu, kisha unga, koroga mpaka vishikane, acha kukoroga. Utakuwa kama uji mzito. Usiongeze kitu. Funika, weka friji saa moja au mbili. Ukirudi utaukuta umekuwa donge lenyewe, unga umeshakunywa.

Lowesha mikono kwa maji baridi, chota kiasi cha kujaza kijiko cha chakula, viringisha kwa vidole kana kwamba umeshika kifaranga. Ukikandamiza kama unavyofinya tonge la ugali umeshaharibu. Yatatoka 14 mpaka 16, na watu 10 watataka mawili mawili, kwa hiyo fanya kipimo mara mbili. Yapike kwenye sufuria pana ya maji ya chumvi, si ndani ya supu yenyewe, kwa sababu yatainywa yote na kuichafua. Maji yachemke, yatie, punguza moto, funika. Dakika 40. Katika dakika hizo kifuniko kisifunuliwe, hata kwa kuchungulia, maana mvuke ndio unaoyapandisha. Yatakuwa makubwa mara mbili. Kata moja katikati: rangi iwe moja mpaka kiini. Ukiona kiini cheusi zaidi na kikavu, rudisha dakika 10. Nina hakika majaribio yako uliyatoa baada ya dakika 15, yalipoelea, ukadhani yameiva kama maandazi. Kuelea si kuiva.

Na tafadhali, kama una mwenzako wa zamu anayezungumza Kiswahili, ukimwachia maelezo andika "madonge", usiandike "vidonge". Bibi wa miaka 86 ana vidonge vyake vingine.

Sasa kidari. Umeniambia saa moja na nusu nzima, na neno "nzima" limenichekesha. Nyama ya kifua ya ng'ombe imefanya kazi maisha yake yote, imejaa tishu ngumu za kolajeni zilizofunga nyuzi za nyama. Inapopashwa moto, mwanzo inajikunja na kukamua maji yake, kwa hiyo katika saa ya kwanza na ya pili inazidi kuwa ngumu. Wewe ulifungua oveni wakati ndala imefikia ukomavu wake. Ungeendelea. Ikikaa muda mrefu kwenye joto la pole lenye unyevu, kolajeni inayeyuka kuwa kitu kama gundi laini, ndicho kinachofanya midomo ishikane, na nyama inaachia. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki hawakuchagua kidari kwa anasa. Nyama ya nyuma ya ng'ombe ina mshipa wa paja na mafuta ambayo Torati inakataza, kuviondoa ni kazi ya fundi, kwa hiyo sehemu kubwa walitumia nusu ya mbele. Kidari kilikuwa humo, kikubwa na cha bei nafuu, nao wakakitafutia njia.

Nunua kipande cha kilo 2.5 mpaka 3 chenye tabaka la mafuta upande mmoja. Kile kipande chembamba kisicho na mafuta ambacho mchinjaji atakusifia kwa uzuri wake, kikatae, kitakauka. Kikaushe kwa karatasi, kikaange kwa mafuta kidogo kila upande mpaka kiwe kahawia kweli, kitoe. Kwenye sufuria hiyo hiyo tia vitunguu vikubwa vitano vilivyokatwa mapete, na hapa ujipe nafasi: dakika 25, moto wa wastani, ukigeuza, mpaka vifikie rangi ya vitunguu vya pilau. Watoto wa pwani hatufundishwi kazi hii. Tia vitunguu saumu sita, nyanya ya kopo iliyokolea vijiko viwili, paprika kijiko kimoja, karoti tatu. Wenyewe hutia kikombe cha mvinyo mwekundu. Mimi situmii, natia juisi ya zabibu nyeusi na maji ya limau moja, na hakuna mzee aliyewahi kunirudishia sahani. Ongeza supu vikombe viwili. Rudisha nyama, mafuta yakitazama juu, mchuzi ufike nusu yake tu, usiifunike nyama yote. Funika kwa foili ya kubana kisha kifuniko juu yake. Oveni yako iko kwa Farenhaiti: weka 300, ambayo ni kama 150 ya Selsiasi. Saa tatu na nusu mpaka nne. Ingiza uma katikati na uusokote. Uma ukizunguka bila kugombana na nyama, imeiva. Ukigombana, rudisha nusu saa.

Halafu usiikate! Iache ipoe ndani ya mchuzi wake, ilale friji. Siku ya pili toa mafuta yaliyoganda juu. Nyama ikiwa baridi tazama nyuzi zake zinaelekea wapi, ukate kwa kukingama nazo, vipande vya unene wa nusu sentimita. Ukikata kufuata nyuzi, hata kidari kilichoiva kitakuwa kamba mdomoni. Na ule uzito wa mchuzi ulioutafutia konflawa uko kwenye vitunguu: chota nusu ya vitunguu na karoti, visage kwenye blenda na mchuzi, rudisha. Panga vipande ndani yake, funika, pasha kwa 325 dakika 40 hivi. Nyama ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza, na wewe utakuwa umeshaoga.

Badala ya wali, viazi. Vichonge, vioke kwa mafuta ya kuku na chumvi. Ukiwa na nguvu, kwaruza viazi kilo 1.5 na vitunguu viwili, kamua maji, changanya na mayai matano, mafuta na kijiko cha wanga wa viazi, uoke saa moja mpaka juu pawe na ukoko. Hiyo ndiyo kugeli, na ugomvi utakuwa juu ya ukoko.

Samaki wa kusaga wa Kiyahudi, wale wanaowekewa kipande cha karoti juu, nunua wa chupa au wa kugandisha wenye alama ya Pasaka. Kuwatengeneza ni kazi ya siku nzima, nyumba itanuka wiki, na hujui kama mama wa bibi alitoka upande wa Poland ambako hutiwa sukari au Lithuania ambako hutiwa pilipili manga. Usijitie kwenye vita hiyo mwaka wa kwanza. Kama kuna mkwe wa asili ya Moroko au Libya, huyo atataka samaki wa kupikwa kwa nyanya, kitunguu saumu na pilipili nyekundu, nao hao wewe utawaweza bila kufundishwa, ni mchuzi wetu tu. Tena Israeli samaki huyo mara nyingi ni sangara wa Ziwa Victoria, anayeuzwa kwa jina la Binti Mfalme wa Nile. Kumbuka tu samaki awe na mapezi na magamba: kamba, pweza, ngisi na kambare hawaingii nyumba hiyo.

Kwenye sahani ya ibada bibi atakuelekeza mwenyewe, ni kazi ya dakika 20. Mfupa wa kondoo uliobanikwa (shingo ya kuku inatosha, na hauliwi), yai la kuchemsha lililounguzwa kidogo, majani ya pasli ya kuchovya kwenye maji ya chumvi, mboga chungu, ambayo mara nyingi ni saladi ya majani marefu pamoja na ule mzizi mweupe unaopanda puani kuliko haradali. Saladi ioshe jani kwa jani ukiinyanyua kwenye mwanga, kwa sababu mdudu ni haramu kwao. Kilichobaki ni haroseti, na hiki nakushauri ukifanye na bibi. Ni mfano wa udongo wa matofali waliyofinyangishwa Misri. Matufaha matatu yaliyomenywa na kukatwa vidogo, walnati kikombe kimoja, mdalasini kijiko cha chai, asali kijiko cha chakula, na mvinyo mtamu robo kikombe au juisi ya zabibu. Iraki hutumia asali ya tende na walnati basi, na Yemen husaga tende na ufuta na viungo. Mtoto wa pwani akionja hizo mbili anadhani yuko kwenye futari. Kwa mzee mwenye meno ya bandia zisage walnati ziwe unga, maana kipande kimoja chini ya meno hayo kinaharibu usiku wote.

Mambo mawili ya kwako kama mlezi. Desturi inataka vikombe vinne vya mvinyo usiku huo. Juisi ya zabibu inakubalika, na kwa dawa anazokunywa ni bora mwanawe azungumze na daktari kabla. Na matza inafunga choo vibaya sana. Kila mwaka siku ya tatu ya Pasaka jikoni kwetu tulikuwa tukichemsha plamu kavu sufuria nzima. Anza kumpa tangu siku ya kwanza, na maji mengi, usingoje alalamike.

Na chakula chako mwenyewe? Nyumba ikishasafishwa chachu, usiingie na mkate, chapati wala maandazi, hata kwenye mkoba. Ugali pia uache kwako. Utakula viazi, mayai, ndizi za kupika, samaki, matunda, na kidari. Hutakufa.

Jumatano yenyewe kosa kubwa la wageni ni kuleta supu watu wanapokaa. Wakikaa hawali. Wanasoma kwanza kisa cha kutoka Misri, mtoto mdogo anauliza maswali manne, wanaimba, wanabishana, inaweza kuchukua saa moja, inaweza kuchukua mbili. Kidari kiache kimefunikwa kwenye oveni ya 200, supu kwenye moto mdogo kabisa, na madonge yake pembeni kwenye sinia yakiwa na supu kidogo, yatumbukize dakika 15 kabla ya kupakua. Ishara yako ni matza. Wakianza kuivunja na kuila na mboga chungu, na uone machozi ya ule mzizi, nenda kaongeze moto wa supu, au umwambie bibi. Usimalize kidari chote usiku huo, kwa sababu nje ya Israeli wanarudia karamu hiyo hiyo Alhamisi jioni, na nadhani hilo bibi hajakwambia. Nunua kuku wawili.